Kabla hujaogopa kufa, nenda kaoshe maiti

Watu wakijua kwamba huwa naitwa kuosha maiti wa kike mtaani kwetu hapa Tanga, swali lao ni moja: huogopi? Vijana ndio wanaouliza zaidi, na ukiwadodosa unakuta hawaulizi habari za maiti, wanauliza habari zao wenyewe. Mtu anashtuka saa nane usiku, moyo unamdunda, anawaza kwamba ipo siku hatakuwepo, na hana wa kumwambia. Nawaandikia hao.

Iko hoja ya kale ambayo huenda imeshakufikia. Epicurus, Mgiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba kifo hakituhusu: tukiwepo sisi, chenyewe hakipo, kikifika, sisi hatupo. Lucretius, mshairi wa Roma, akaongeza kuwa zama zote zilizopita kabla hatujazaliwa hazikutuuma hata kidogo, basi za mbele zituumie nini? Hoja safi. Mchana inatosha kabisa. Usiku haishiki, na nadhani najua sababu: inamchukulia mtu kana kwamba alijileta mwenyewe na atajiondokea mwenyewe.

Ngoja nikueleze yanayofanyika chumbani. Maiti hulazwa kwenye kitanda cha kuoshea, amesitiriwa kwa nguo, maana heshima yake haikuisha kwa kuwa amekufa. Anayeongoza huvaa glavu, humminya tumbo taratibu kutoa kilichobaki, humsafisha, kisha humtawadhisha kama mtu anayekwenda kuswali. Halafu maji, upande wa kulia kwanza, ndipo wa kushoto, mara tatu, au tano ikihitajika, ilimradi iwe witiri, yaani idadi isiyogawanyika kwa mbili. Maji ya mwanzo yana majani ya mkunazi, ya mwisho yana karafuumaiti. Nywele husukwa mikia mitatu ikalazwa nyuma, kisha sanda ya vipande vitano. Nimewahi kumsikia bibi mmoja akikaripia kwamba maji yamekuwa baridi mno kwa marehemu, na hakuna aliyecheka. Tulichanganya ya moto.

Shangazi yangu alikuwa mkunga wa jadi, na mtaa uleule ulimwita mtu anapofariki. Hakuona kama ni kazi mbili. Kichwa cha maiti alikishika vile anavyokishika cha kichanga, kiganja chini ya kisogo, kwa sababu vyote viwili havijibebi. Mtoto huadhiniwa sikio la kulia, na la kushoto hukimiwa, yaani husomewa ikama, mwito wa kuanza swala. Swala ya jeneza haina adhana wala ikama, na wazee husema adhana yake ilishatolewa siku ile. Mzazi hutunzwa siku arobaini, na nyumba nyingi huhesabu arobaini ya marehemu pia. (Hiyo ya pili masheikh wengine wanaikataa, nami sitafuti ugomvi.)

John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa wa Kenya aliyefariki 2019, aliandika mwaka 1969 kwamba mtu wa Afrika aweza kusema: niko kwa kuwa tuko. Siku hizi maneno hayo yamekuwa mapambo ya hotuba. Chumbani mle ni maelezo tu ya kinachoendelea. Aliyelala pale hawezi lolote, na bado ni mtu, kwa kuwa wapo wanaomtendea kama mtu. Ndivyo alivyokuwa pia saa yake ya kwanza duniani, alipokuwa hajui jina lake wala hawezi kujigeuza.

Kwa hiyo ushauri wangu si wa kuwaza zaidi. Kaulize msikitini kwenu kama wana mafunzo ya kuosha. Mara ya kwanza utabeba maji tu. Kama wewe ni Mkristo, ndugu akifariki omba kuwa miongoni mwa wanaokwenda mochwari kumvalisha, usiwaachie wengine tu. Na nyumba ya mzazi usiende kwa dakika tano za kuacha kanga na sabuni. Kaa, fua nepi, mpokee mtoto mama alale.

Lingine ni madeni. Makaburini utasikia ikitangazwa: anayemdai marehemu awaone wafiwa. Wafiwa wenyewe mara nyingi hawajui kitu. Andika daftari, nani unamdai na nani anakudai, na mtu mmoja ajue lilipo. Wosia pia uandike; RITA, ambao ndio wanaotoa cheti cha kuzaliwa na cha kifo, wanapokea wosia na kuutunza. Kwa Mwislamu wosia hauvuki thuluthi ya mali, tena si kwa warithi, kwa hiyo usiutumie kumnyima dada yako fungu lake. Nimeona hofu ya kifo ikipungua kwa watu wengi baada ya kulimaliza hili la daftari kuliko baada ya mawaidha.

Kinachonishinda ni kifo cha mtoto mchanga. Hapo hoja zote huniishia, na mama yake simwambii kitu. Namchemshia uji, nakaa.

Ukiitwa, nenda umeshakula, hasa ikiwa ni mara ya kwanza. Vaa nguo usiyoionea huruma ikilowa. Utakachokiona mwilini mwa mtu usikisimulie hata kwa mumeo, na simu iache nje.