Wewe wa Noah, usimpe huyo fundi hela

Usimpe. Na kama umeshatoa advansi, kaidai leo kabla hajaagiza vifaa.

Umeuliza mambo matatu: kama kufunga mfumo wa gesi badala ya petroli kwenye Noah yako ya abiria, Buhongwa–mjini hapa Mwanza, kunaokoa nusu ya hela ya mafuta kama fundi anavyosema, injini itadumu, na bima itasemaje. Hapo kwenye "nusu ya hela" ndipo nimekaa kitako, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikatoa milioni 1.8 kwa gari langu, Toyota IST.

Gesi ni mbili, mkuu. Magari ya Dar unayoona yakisifiwa yanatumia CNG, gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, inayofika Dar kwa bomba. Huku ziwani hilo bomba halijakanyaga. Fundi wangu alinipigia hesabu ya CNG, kisha akanifungia LPG, yaani gesi ya jikoni. Nilipohoji akacheka: "Gesi ni gesi, ng'wanawane." Gesi ni gesi! Mtungi wa CNG unabeba presha mara 20 ya ule wa LPG. Huwezi kuhama toka huku kwenda kule, unang'oa karibu mfumo mzima unaanza upya. Mtu hajui hilo na kwenye bango kaandika "mtaalamu".

Gesi ya kwanza ikaisha. Nikazunguka Kirumba, Nyakato, Igoma, hadi Usagara. Kila sheli wana mitungi ya jikoni kwenye kizimba, ila pampu ya kujazia gari hakuna. Kijana mmoja akaniuliza nataka mdogo au mkubwa. Nikampigia fundi, akasema nunua wa kilo 15, uugeuze kichwa chini, unganisha mpira, ujaze mwenyewe nyumbani.

Na mimi, na vyeti vyangu vyote, nikafanya.

Naishi mlimani Mabatini, nyumba juu ya nyumba kwenye mawe. LPG ni nzito kuliko hewa, haipai, inatambaa chini kama maji. Mpira ukachomoka. Hatua chache chini yetu kuna mama anakaanga sato jioni, mkaa umekolea. Mke wangu ndiye aliyenusa, akapiga ukelele "Baba Kulwa, funga!" huku anateremka mbio kumwaga ndoo ya maji kwenye jiko la watu. Sato wa siku ile nilimlipa mimi, wote. Usijaribu hata kwa utani.

Tuseme isingevuja. Kilo 15 ni kama lita 28. Lita ya LPG ina nguvu pungufu ya petroli kwa karibu robo, kwa hiyo zinakufikisha pale ambapo lita 21 za petroli zingekufikisha. Mtungi nilinunua 58,000. Petroli wakati ule ilikuwa 3,000, lita 21 ni 63,000. Faida elfu tano! Kurudisha hela ya kufunga tu nilihitaji mitungi 360. Na bado gari linawaka kwa petroli kila asubuhi, linangoja maji ya injini yapate moto ndipo lihamie gesi. Safari fupi injini ikiwa ya baridi, sehemu ya njia unachoma petroli ile ile.

Fundi nasikia yuko Geita siku hizi, anawafungia watu wa machimboni. Mungu awalinde.

Kwa hiyo tafuta pampu kwanza, fundi baadaye. Mwambie akupeleke sehemu, hapa hapa Mwanza, ulione kwa macho yako gari la mtu mwingine likijazwa, uulize bei ya lita, upige hesabu yako mwenyewe palepale. Akianza "itafunguliwa mwezi ujao", panda daladala urudi nyumbani.

Na akikupeleka kweli ukaikuta, nitumie ujumbe nije usiku huu huu. Mtungi wangu bado uko kwenye buti, mtupu, abiria wakiweka mizigo wananiuliza kama nauza gesi.