Maswali yenu: kaboni inashikaje haidrojeni nne?

Kaboni ina elektroni mbili tu zisizo na mwenza. Mbona inashika haidrojeni nne?

Swali hili ndilo lililozaa dhana nzima ya mseto, yaani kuchanganya obitali (maeneo ambamo elektroni hukaa kuzunguka kiini). Ganda la nje la kaboni lina elektroni nne: mbili zimekaa pamoja kwenye obitali ya 2s, na mbili zimekaa mojamoja kwenye obitali za 2p. Kwa mpangilio huo tungetarajia CH2. Lakini methani ni CH4, na bondi zake nne hazitofautiani hata kidogo: kila moja ina urefu wa pikomita 109 hivi, na pembe kati yake ni nyuzi 109.5. Mwaka 1931 Linus Pauling alionyesha kwamba ukichanganya kihesabu s moja na p tatu, unapata obitali nne zinazolingana, zinazoelekea kwenye ncha nne za tetrahedroni (piramidi yenye nyuso nne za pembetatu). Hizo ndizo sp3.

Hapa nawaomba sana: msikariri kwamba elektroni inaruka kwanza kutoka 2s kwenda 2p, kisha obitali zinachanganyika, kisha bondi zinafungwa. Atomu haipiti hatua hizo. Umbo hupimwa maabara. Mseto ni njia yetu ya kulieleza.

Nitatambuaje haraka kama atomu ni sp (s moja na p moja), sp2 (s moja na p mbili) au sp3?

Hesabu atomu zilizoshikana nayo, ongeza jozi pweke (jozi za elektroni zisizo kwenye bondi). Nne ni sp3, tatu sp2, mbili sp. Katika CH3COOH, kaboni ya kwanza ina majirani wanne, ya pili watatu, kwa hiyo hiyo ya pili ni sp2. Wengi hukosea kwa kuhesabu bondi badala ya majirani. Ila chunga naitrojeni ya amidi, ile iliyoshikana na kaboni ya C=O: kwa hesabu hii ni sp3, kumbe jozi yake pweke inashirikiana na C=O ya jirani, nayo hulala karibu bapa kama sp2.

Kwa nini ethani hujizungusha kwenye bondi ya C–C, lakini etheni haiwezi?

Shika penseli mbili, uzisimamishe wima sambamba. Hizo ni obitali za p zilizobaki kwenye kaboni mbili za etheni baada ya sp2 kuchukua nafasi zake. Zinapishana ubavu kwa ubavu, juu na chini ya bapa la molekuli, na kufunga bondi ya pai. Sasa ilaze penseli moja kwa nyuzi 90: usambamba umekwisha, na pai imevunjika. Bondi ya sigma haina tatizo hilo, kwa kuwa imelala kwenye mstari unaounganisha viini viwili. Ndiyo sababu 2-buteni ya sisi (vikundi vya CH3 upande mmoja wa bondi) na ya transi (pande tofauti) ni dutu mbili, kila moja na kiwango chake cha kuchemka.

Ethaini ni haidrokaboni tu. Inakuwaje na tabia ya asidi?

Tazama kiasi cha s. Katika sp, ya kaboni za ethaini, ni asilimia 50; katika sp3, ya ethani, ni 25. Elektroni za s hukaa karibu zaidi na kiini, hivyo jozi inayobaki protoni ikiondoka hushikwa vizuri. pKa (kipimo cha asidi: kikiwa kidogo, asidi ni kali zaidi) ya ethaini ni 25 hivi, ya ethani ni takribani 50. Sodiamu amidi, ambayo ni besi kali, huinyang'anya ethaini protoni. Kwa etheni, yenye 44 hivi, haifui dafu.