VPN imewaka, lakini ofisi haipatikani

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mhasibu, nafanya kazi nyumbani Wete kwa ofisi iliyopo Unguja Mjini. Msimamizi wetu wa mtandao alinipa faili la WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, nikaliweka kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu kwa jina la wg0.conf na kuliamuru liwake lenyewe kila ninapowasha kompyuta. Lilifanya kazi vizuri hadi juzi umeme ulipokatika na kompyuta ikazimika, kwa kuwa betri yake haishiki tena chaji. Tangu hapo, hata nikiizima na kuiwasha upya kwa amri ya sudo wg-quick up wg0, sioni kosa lolote, ila ofisi siipati, na hata tovuti za kawaida hazifunguki. Nimeambatisha faili na picha ya skrini. (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Wa alaykum salaam. Kabla ya yote, faili ulilotuletea lina mstari wa PrivateKey, nao ndio ufunguo wako wa siri. Tumelifuta, lakini tunakusihi usiutumie tena ufunguo huo: tengeneza mwingine kwenye kompyuta yako kwa amri ya wg genkey, na msimamizi umpelekee tu ule wa umma, unaotokana nao kwa amri ya wg pubkey.

Sasa itazame picha yako: saa iliyo juu inaonyesha tarehe ya mwaka jana. Kila WireGuard inapoomba kuunganishwa hupeleka pia wakati wa kompyuta yako, na seva, yaani kompyuta ya ofisini inayopokea maombi hayo, huukumbuka wakati wa mwisho ilioupokea kwa ufunguo wako, ikakataa ombi lolote lisilokuwa la baada ya hapo, ili mtu aliyenasa ombi la zamani asiweze kulirudia. Kukataa kwenyewe ni kwa kimya. Ndiyo maana hukuona kosa. Andika sudo wg show: ukiona yaliyotumwa yanaongezeka, yaliyopokewa ni 0, na mstari wa latest handshake (mara ya mwisho mlipokubaliana na seva) haupo, ujue unabisha hodi bila ya kujibiwa.

Tovuti nazo zimekufa kwa sababu faili lako lina AllowedIPs = 0.0.0.0/0, maana yake kila kitu kipite ofisini, pamoja na ombi la kompyuta la kurekebisha saa. Kwa hivyo VPN inasubiri saa, na saa inasubiri VPN.

Zima kwanza kwa sudo wg-quick down wg0, kisha andika sudo timedatectl set-ntp true, ili kompyuta ijirekebishe saa kwa mtandao. Amri hiyo ikikataa kwa kuwa huduma ya saa haipo, isakinishe kwa sudo apt install systemd-timesyncd, ambayo pia huhifadhi kwenye diski wakati wa mwisho inaoujua. Andika timedatectl mpaka uone System clock synchronized: yes, ndipo uiwashe VPN.

Ufunguo mpya peke yake utakuonyesha kuwa mambo yametengenea, kwa kuwa seva haina kumbukumbu yoyote ya wakati wake, lakini umeme ukikatika tena saa ikarudi nyuma, utarejea palepale. Mwambie fundi abadilishe ile betri ndogo ya saa iliyomo ndani ya kompyuta. Vilevile muulize msimamizi kama AllowedIPs inaweza kubakia na anwani za ofisi tu; akikubali, autazame na mstari wa DNS, unaotaja seva ya kugeuza majina kuwa anwani, maana ukiendelea kuelekea ofisini, kompyuta haitaweza kuitafuta seva ya saa kwa jina kabla VPN haijaunganika.