Barua kwa mwanangu: Gauni la manjano na Idi mbili

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imefika salama, na sisi huku hatujambo sote. Mama yako magoti yanamsumbua kwenye ngazi, lakini tarawehe hakosi.

Umeniuliza maswali mawili. La kwanza umeliandika wazi: hapo Leicester, Uingereza, msikiti anaoswali mumeo unafuata tangazo la Makka la kuandama kwa mwezi, ule wa mtaa wa pili hausikilizi Makka, na wewe uliyekulia Unguja moyo wako unataka mwezi uonwe kwa macho. Sasa watoto wale Idi na nani? La pili umeliweka mwisho kabisa, chini ya salamu za wajukuu, kama mtu anayechungulia mlangoni kabla ya kuingia: "Baba, siku ile uliyonizuia nisivae gauni langu la manjano, ilikuwa dini, au ulikuwa umemkasirikia Ami?"

Naanza na la pili. Umekaa nalo miaka mingi mno.

Ulikuwa na miaka minane. Ramadhani ile iliangukia masika. Mwezi ishirini na tisa, jua likichwa, nilikuwa Forodhani na watu wengine, tumeelekea baharini tunatazama magharibi. Hatukuona ila wingu. Usiku redio ikatangaza kuwa mwezi haukuonekana, tunatimiza thelathini. Ami yako, yaani mdogo wangu, alikuwa na redio yake ya masafa mafupi, ile iliyofungwa mpira kwa nyuma, akasikia Makka wametangaza Idi. Alikuwa na miaka miwili tu tangu arudi kusoma Madina. Akaja ukumbini, akasimama mbele ya bibi yako, akasema: "Mama, sisi kesho Idi."

Unaijua nyumba yetu. Mlango mmoja wa mbele, ua mmoja, kisima kimoja, na sote tukipishana hapo hapo. Asubuhi upande wa Ami yako kulikuwa na tambi na kaimati, na watoto wake wakatoka uani wamevaa vipya. Upande wetu jiko lilikuwa baridi, tumefunga ya thelathini. Wewe ulikwisha kuoga. Gauni ulikuwa umelitandika kitandani tangu usiku. Ukaniuliza kama unaweza kulivaa ukacheze na wenzako, kisha kesho ulivae tena. Nikalichukua, nikalitia sandukuni, nikafunga kwa ufunguo. Nikakwambia Idi ni kesho, na mtoto wa nyumba hii havai nguo ya Idi ndani ya Ramadhani. Ulisimama dirishani mpaka adhuhuri.

Mwanangu, hakuna aya wala hadithi inayomkataza mtoto wa miaka minane kuvaa gauni jipya mwezi thelathini Ramadhani. Hukuwa umebaleghe, saumu ilikuwa haijakuwajibikia. Hata ungekuwa umebaleghe, nguo haifunguzi. Nilijua hivyo siku ile kama ninavyojua leo.

Lakini sitaki ufikiri kwamba khitilafu yenyewe kati yangu na Ami yako ilikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli, na kila mmoja wetu alikuwa na pa kusimama. Mimi nilisimama alipotufundisha babu yako, madhehebu ya Shafi, kwamba kila nchi ina mwandamo wake. Alinisomesha hadithi ya Kurayb, iliyopokewa na Imamu Muslim, nikiwa mdogo kuliko wewe siku ile. Kurayb alitumwa na Ummul-Fadhl, mama yake Ibn Abbas, kwenda Sham kwa Muawiya, mtawala wa huko. Mwezi wa Ramadhani ukamwandamia huko, akauona usiku wa Ijumaa. Mwisho wa mwezi akarudi Madina, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamuuliza, "Mliuona lini?" Akasema, "Usiku wa Ijumaa." "Wewe mwenyewe uliuona?" "Ndiyo, na watu waliuona, wakafunga, na Muawiya akafunga." Ibn Abbas akasema: "Lakini sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, basi hatuachi kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone." Kurayb akauliza kama kuona kwa Muawiya hakutoshi. Akajibiwa: "Hapana, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume."

Naipenda hadithi hii mpaka leo. Naipenda kwa ule upole wake: mtu ametoka safari, anaulizwa, anajibu, anaambiwa huku kwetu ni hivi, na hakuna aliyempandishia mwenzake sauti.

Ami yako naye hakuwa mtu wa kufuata redio tu. Alisema Mtume aliposema fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona, aliuambia umma wote, na wanavyuoni wengi wa madhehebu nyingine wameona kuwa mwezi ukithibiti mahali pamoja umethibiti kwa wote. Kisha akaleta atlasi yako ya skuli, akaifungua juu ya mkeka, akaweka kidole: Unguja iko nyuzi 39 na kidogo mashariki, na Makka nayo iko nyuzi 39 na kitu. Mstari unakaribia kuwa mmoja. "Saa yetu na yao ni moja, kaka. Jua linatuchwea karibu wakati mmoja. Itakuwaje mwezi wao uwe wa nchi nyingine?" Nikamjibu kwamba wao wako kaskazini nyuzi 21 na sisi tuko kusini nyuzi 6, na mwezi mchanga hausimami namna moja kwa watu wote, na wingu la masika halina habari na atlasi. Mabishano yale yalikuwa mazuri. Yangeishia hapo, tungekuwa wanafunzi wawili juu ya mkeka.

Hayakuishia hapo kwa sababu ya jambo ambalo hukulijua. Mwezi wa Rajabu, yaani miezi miwili kabla, tulikosana juu ya shamba la marehemu babu yako. Ami yako alitaka liuzwe kila mtu achukue fungu lake. Mimi nilitaka mikarafuu ibaki. Alinambia neno mbele ya watu, kwamba najifanya baba baada ya baba kufa. Nilinyamaza. Nikafunga Ramadhani yote na lile neno kifuani. Kwa hiyo alipokuja ukumbini kusema "sisi kesho Idi", mimi sikusikia masuala ya mwandamo. Nilisikia mtu anayeigawa nyumba kama alivyotaka kuligawa shamba. Asubuhi ulipotaka kuvuka ua kwenda kwa watoto wake, niliona unavuka mpaka, nikakuzuia. Nikaliita dini, kwa sababu hasira ikivikwa jina la dini hakuna anayethubutu kuihoji. Mama yako alinitazama tu. Alijua.

Basi jibu lako ndilo hilo. Nilikuwa nimemkasirikia Ami yako, na wewe ndiye uliyelipa. Nisamehe, mwanangu. Naandika kwa mkono wangu na si kwa simu, kwa sababu kwenye simu ungeniwahi kwa kusema "hamna neno, baba", nami ningeshukuru nikakata.

Sasa nikueleze alichofanya bibi yako, maana ndani yake mna jibu la swali lako la kwanza.

Adhuhuri ile Ami yako alimletea sinia ya biriani. Bibi yako mwenyewe alikuwa amefunga. Watu wote wa nyumba wakanyamaza kusikiliza atasema nini. Alipokea kwa mikono miwili, akasema "Idi mubarak mwanangu, Mungu akutakabalie", akaifunika kwa kawa akaiweka juu ya kabati. Magharibi alipofuturu tende na maji, akaishusha sinia ile na kula mbele yangu. Hakupika futari. Kisha akatuita sote wawili, akaketi kitandani mwake, akatuambia maneno machache. Kwamba yeye hajui nani kati yetu ana mwezi wa sawa, na hatauliza. Kwamba aliyefunga anafunga kwa Mungu na aliyefungua amefungua kwa Mungu, na kufunga siku ya Idi ni haramu, kwa hiyo hawezi kumlazimisha Ami yako afunge siku aliyoamini kuwa ni Idi. Lakini kuna kesho. Kesho kwa Ami yako ni Idi pili, kwa kaka yake ni Idi mosi, na hakuna anayefunga. "Kesho chungu ni kimoja," alisema. "Asiyekuja ukumbini kwangu, asinizike."

Unakumbuka sikukuu ya mwaka ule? Unakumbuka gauni lilipotoka sandukuni, ukalivaa, ukaenda uwanja wa Mnazi Mmoja na watoto wa Ami yako mmeshikana mikono? Mimi na yeye tulipeana mkono wa Idi ukumbini bila kutazamana. Shamba lilitugharimu miaka mingine mitatu. Lakini chungu kimoja hakikuvunjika tena.

Tangu hapo kila mwaka Idi zikigawanyika tunafanya hivyo. Anayetangulia hula Idi yake upande wake, anaswali na wenzake, hachomi nyama uani wakati wengine wanahesabu saa za kufuturu. Zaka ya Fitri kila nyumba hutoa kabla ya swala yake, pishi ya mchele kwa kila kichwa, kiasi cha kilo mbili na nusu, na bibi yako alisisitiza itoke kwa siku ya anayetangulia ili masikini wa mtaani asije akakosa kwa sababu ya mabishano yetu. Watoto huvaa siku zote mbili. Na siku ya pili tunakula pamoja. Unguja tuna bahati kwamba sikukuu ni siku nne. Mtu akipoteza moja kwa ubishi, tatu zimebaki.

Nije kwako. Wewe si mke wa mtu wa Makka wala si binti wa Kadhi. Wewe ni mama wa nyumba moja ambayo ndani yake mna watu wawili wenye hoja. Huko mliko mawingu ni mengi kuliko masika yetu, na misikiti mingi haina budi kutegemea habari za nchi nyingine, hii ama ile. Mimi naona, na mwulize pia sheikh unayemwamini hapo, kwamba ufunge na watu unaoishi nao na ufungue nao. Iko hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwamba saumu ni siku mnayofunga, na kufungua ni siku mnayofungua. Wanavyuoni wameielewa kuwa jambo hili ni la jamaa, yaani la watu walio pamoja. Jamaa yako ya karibu kabisa ni ile inayokula daku mezani kwako. Ukifuata msikiti wa mumeo hujauacha mwezi wa babu yako. Kurayb alipofika Madina alikuwa miongoni mwa watu wa Madina.

Lakini nawe mwambie mumeo, kwa upole, kwamba yako mambo unayoyataka. Kwamba mwezi ishirini na tisa watoto watolewe nje watazame mbingu, hata kama tangazo limeshafika kwenye simu, hata kama hawataona kitu. Mungu amesema miezi ni vipimo vya wakati kwa watu na kwa Hija. Mtoto asiyewahi kuutafuta mwezi ataujua kama tarehe tu. Kwamba jirani yenu anayeswali msikiti wa pili aalikwe siku ambayo nyote mnakula. Na kwamba ikitokea siku yako na yake hazikupatana, jambo hilo litazungumzwa na watu wawili wakubwa mlango umefungwa, na watoto hawataulizwa wako upande gani.

Umedokeza pia wasiwasi kwamba mke wa kaka yako, aliyesilimu juzi, atawakosesha watoto wake Krismasi ya bibi yao kule Moshi. Hilo ni refu, na si langu peke yangu kulijibu. Kaka yako nimemwita aje tuzungumze baada ya saumu sita za Mfungo Mosi, yaani Shawali. Kwa sasa namjua mama yule wa Moshi: alipokuja harusini alifunga kilemba, akakaa na wanawake wetu jikoni siku mbili akichambua mchele. Sitakuwa mtu wa kwanza kumfungia mlango.

Gauni la manjano limo bado. Bibi yako alilihifadhi ndani ya sanduku lake, limekunjwa pamoja na kanga zake na asumini kavu, na mama yako alilikuta tulipokuwa tunagawa vitu vyake. Kola imeliwa na kutu ya pini. Sikujua kama unataka kuliona au hutaki, ndiyo maana sijampa msafiri.

Ami yako macho yamepungua, lakini mwezi ishirini na tisa huja kibarazani kwangu baada ya alasiri na fimbo yake. Tunashuka Forodhani polepole. Ananiambia nitazame kwa niaba yake, na mimi nikimwambia sioni kitu, hunyamaza kidogo kisha husema, "Tazama tena." Mwaka huu ameniuliza utapiga simu siku ya Idi ipi. Nimemwambia utapiga zote mbili.

Wasalimu wajukuu, na mumeo umpe mkono wangu.

Baba yako