Mgonjwa, Tovuti na Neno "Responsive"

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anasomea uuguzi, na katika daftari lake nimekuta neno la Kiingereza "responsive" likitumika kwa mgonjwa, ilhali fundi wetu wa kompyuta hulitumia kwa tovuti. Je, maana ni moja? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Maana ya msingi ni moja, ingawa Kiswahili hakina neno moja la kuibeba kila mahali. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "respondere", yaani kujibu, na kinachosifiwa kwa neno hilo ni chenye kuitikia upesi kinapoitwa au kuguswa. Muuguzi humwita mgonjwa kwa jina na kumgusa bega. Akifumbua macho au akisogeza kidole, huandikwa kwamba anaitikia, na asipofanya hivyo huitwa "unresponsive", hali ambayo si lazima iwe kifo. Tovuti nayo huitwa "responsive" kwa kuwa kurasa zake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo, iwe cha simu au cha kompyuta, matumizi yaliyoenezwa na mbunifu wa tovuti Mmarekani, Ethan Marcotte, kuanzia mwaka 2010. Kwa ofisi inayojibu barua za wananchi bila kuwazungusha, mimi ningesema "sikivu", neno ambalo wanasiasa wetu wamelipenda mno (kulitekeleza ni jambo jingine).

Usilichanganye na "reactive", ambalo likiambiwa mtu huwa na lawama kidogo, kwani ni yule anayengoja paa lishike moto ndipo atafute ndoo.