17-OHP imetoka 9 hadi 27: nimwongezee dozi?

SWALI: Binti yangu ana miaka 5. Alizaliwa na tatizo la tezi za adrenali (zilizo juu ya figo), lile la kupoteza chumvi. Anameza haidrokotisoni mara tatu kwa siku, pamoja na fludrokotisoni, dawa ya kuhifadhi chumvi. Mwezi Juni 17-OHP yake, homoni inayopimwa kwenye damu kufuatilia tatizo hili, ilikuwa 9. Septemba nimempima maabara nyingine, imetoka 27. Nimeogopa sana. Nimwongezee dozi?
Mama wa Mbagala

JIBU: Usiongeze chochote kwanza, mama. Yaweke majibu yote mawili mezani usome herufi ndogo zilizo pembeni ya namba. Maabara moja huandika ng/ml, nyingine nmol/l. Ng/ml 1 ni takriban nmol/l 3, kwa hiyo 9 ile na 27 hii huenda ni kiasi kilekile cha homoni. Ukiweza, mpime maabara ileile kila mara.

Kama herufi hizo zinafanana, tazama saa. Homoni hii huwa juu alfajiri na hushuka baada ya dawa. Damu ya saa 1 asubuhi kabla ya kidonge hailinganishwi na ya saa 5, mtoto akiwa ameshameza. Kubalianeni na daktari saa ileile ya kupima kila mara, na kwenye fomu iandikwe saa ya dozi ya mwisho na saa ya kutoa damu. Lakini mkikwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, mpe dawa yake kwa wakati, uandike saa. Kipimo kitarudiwa, dozi isirukwe.

Na hata ikiwa imepanda kweli, lengo si kuishusha ilingane na ya mtoto asiye na tatizo hili. Hapa wazazi wengi hukosea. Ikishuka hivyo, mara nyingi haidrokotisoni imezidi: uso unavimba, uzito unapanda, urefu unasimama. Ndiyo maana daktari huisoma pamoja na androstenedioni (homoni nyingine ya tezi hizo), chati ya urefu, na eksirei ya mkono wa kushoto ya kila mwaka inayoonyesha umri wa mifupa. Binti wa miaka 5 akirefuka ghafla au akiota nywele za siri, hiyo ina uzito kuliko namba moja ya maabara.

Kagua pia vidonge. Dozi ya kawaida ni mg 10 hadi 15 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya eneo la ngozi ya mwili. Mtoto wa kilo 18 na sm 108 ana mita za mraba 0.73, yaani takriban mg 7.3 hadi 11 kwa siku. Kwa dozi ndogo hivyo, kidonge cha mg 10 kikikatwa kwa kisu cha jikoni, robo moja hutoka nene na nyingine huishia kuwa unga. Tumia kikatio cha vidonge.

Fludrokotisoni hufuatiliwa kwa renini (kitu kinachotolewa na figo, hupanda chumvi ikipungua), sodiamu, potasiamu na presha.

Dozi huongezwa bila kusubiri maabara mtoto akiwa na homa ya nyuzi 38.5 au zaidi: kila dozi ya haidrokotisoni iwe mara mbili au tatu ya ile ya kawaida, kama daktari wenu alivyoandika, siku za homa tu. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia dozi. Akitapika tena, achomwe sindano ya haidrokotisoni mg 50 na mwende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.