Wimbo wa dakika 23 na masikio ya watu: maswali yenu kuhusu roki ya progresivu

Toleo lililopita nilitaja, kwa kupita tu, kwamba jioni moja nilisikiliza roki ya progresivu hadi umeme ukakatika. Kumbe nilichokoza nyuki. Maswali yamekuwa mengi. Haya ndiyo niliyoyachagua, na mengine nimeyafupisha.

Hiyo "roki ya maendeleo" ndiyo nini? Kuna kisima kinazinduliwa? (Msomaji wa Dodoma)

Umenichekesha, ndugu yangu. Hakuna utepe wa kukata. Jina limetoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, pale vijana waliokulia kwenye roki walipoanza kuona kwamba ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, kwaheri, hakiwatoshi. Wakachukua gita la umeme wakalikalisha meza moja na muziki wa okestra, jazi na nyimbo za kale za kwao. The Moody Blues walitangulia mwaka 1967 na albamu waliyoirekodi pamoja na okestra nzima. Hata hivyo wengi wetu huanza kuhesabu Oktoba 1969, King Crimson walipotoa *In the Court of the Crimson King*. Julai ya mwaka huohuo walikuwa wamepiga Hyde Park, London, kabla ya Rolling Stones kupanda jukwaani, na waliokuja kuwatazama wakubwa wakarudi nyumbani wakiulizana hawa ni akina nani.

Ukitaka alama zake, watu watakupa orodha: nyimbo ndefu, vinanda kila kona, mapigo ya kuhesabu kwa taabu, mashairi ya wachawi na falme. Orodha hiyo siiamini sana. Pink Floyd hawana wachawi. Rush wa Kanada walikuwa watu watatu tu. Jethro Tull kiongozi wao anapuliza filimbi huku amesimama kwa mguu mmoja, na hilo halimo katika orodha ya mtu yeyote. Mimi nina kipimo kimoja: wimbo unakwenda mahali, au unazunguka nyumba? Wimbo wa kawaida unazunguka nyumba, kila baada ya dakika moja uko mlangoni tena, kwenye kiitikio. Na hilo si kosa, mlango mzuri unapendeza kuuona mara nne. Progresivu ni basi la safari ndefu. "Close to the Edge" wa bendi ya Yes, wa mwaka 1972, unaanza na sauti za ndege na maji yanayotiririka, na baada ya dakika 18 unaishia na ndege na maji yaleyale. Ila katikati umepita kwenye fujo, umepita kwenye kinanda kama cha kanisani, na wimbo wa mwanzo ukikurudia unakuja umevaa nguo nyingine.

Nasikia fidla nyingi kwa King Crimson, lakini pichani siwaoni wapigaji. Okestra ilikaa wapi? (Msomaji wa Nakuru)

Ndani ya sanduku. Chombo kinaitwa Mellotron, kilitengenezwa Birmingham, na kwa nje ni kinanda. Chini ya kila kibonye kuna utepe wa sumaku, kama ule wa kaseti, uliorekodiwa fidla halisi, filimbi halisi au kwaya ikitoa noti hiyo moja. Ukibonyeza, utepe unavutwa na sauti inatoka. Baada ya sekunde nane hivi utepe umekwisha, na lazima uachie ili springi iurudishe mwanzo. Kwa hiyo mpigaji hawezi kushikilia noti apendavyo. Vidole vinahama-hama kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Sikiliza tena ukijua hivyo. Ule mtetemo wa huzuni mnaousifu, sehemu yake ni utepe unaoyumba.

Kwa nini nyimbo zao haziishi? (Msomaji wa Tanga)

Zinaisha, mama, santuri ikiisha. Santuri kubwa ilibeba dakika 20 na ushei kila upande, na hawa jamaa waliutazama ule upande kama mwenye kiwanja anavyotazama kiwanja: mbona tunajenga vibanda sita wakati inaingia nyumba moja? Yes wakajaza upande mzima. Genesis wakatoa "Supper's Ready", karibu dakika 23. Jethro Tull wakapitiliza kabisa na *Thick as a Brick*, wimbo mmoja unaokula pande zote mbili, uliofungwa ndani ya jalada la gazeti la kubuni lenye kurasa za kusomeka kweli. Yote hayo ni mwaka 1972 peke yake.

Kugeuza sahani katikati ya wimbo si jambo geni kwetu. Santuri ndogo za bendi zetu za dansi ziligawa wimbo Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2, na kipande kitamu mara nyingi kilikuwa nyuma.

Mimi mwenyewe "Supper's Ready" niliupata kwenye kaseti ya dakika 60 niliyorekodiwa dukani. Mwenye duka, ili asiache nafasi tupu, alitanguliza nyimbo nyingine, na utepe ukaisha wakati wimbo umetulia kimya kabisa, kabla ya mlipuko wa mwisho. Kwa miaka niliamini ule ukimya ndio mwisho, tena niliwaeleza watu jinsi Genesis walivyokuwa na ujasiri wa kumaliza wimbo mkubwa kwa mnong'ono. Siku nilipousikia wote nilikuwa ugenini, mbele ya watu niliowahi kuwapa hiyo hotuba.

Nimejaribu kuucheza nikashindwa. Miguu yangu ina kasoro? (Msomaji wa Bujumbura)

Miguu ni mizima. Chukua "Money" wa Pink Floyd, uko ndani ya *The Dark Side of the Moon* ya mwaka 1973, na hata redio zetu huupiga. Mwanzo unasikia sarafu, karatasi inachanwa, mashine ya dukani ya kuhesabia fedha. Sauti zile zilikatwa vipande vya utepe vyenye urefu sawa, vikapimwa kwa rula, vikaunganishwa kuwa kitanzi kinachozunguka. Weka kiganja mezani uhesabu navyo: vipande ni saba. Besi ikiingia nayo inatembea kwa saba. Muziki tuliouzoea unahesabu nne, kwa hiyo wewe unafika nane, mguu uko hewani unasubiri pa kukanyaga, na bendi imeshaanza upya. Ndipo unapojiona mlemavu. Saksafoni inapiga humohumo kwenye saba, lakini gita likichukua zamu muziki unahamia nne, na nimeona watu, bila kujua lolote, wakianza kutikisa vichwa hapo hapo. Likimaliza, saba zinarudi, na vichwa vinasimama.

Sasa sikia jambo lililonifurahisha. Mwaka 2005 watafiti wawili, Erin Hannon na Sandra Trehub, waliwasikilizisha watu miziki ya mapigo yaliyolingana na ya mapigo ya kuchechemea kama hayo. Watu wazima wa Marekani Kaskazini walipata taabu kugundua pale mapigo ya kuchechemea yalipoharibiwa. Waliokulia Bulgaria na Makedonia, ambako harusi huchezwa kwa saba na kwa kumi na moja, hawakupata taabu. Na watoto wachanga wa miezi sita, wa hukohuko Marekani Kaskazini? Waligundua yote. Sikio, basi, linazaliwa na milango mingi, kisha nyumbani wanafunga ile isiyotumika. Sisi nasi tuna milango yetu. Kuna ngoma ambazo mkono mmoja unapiga tatu na mwingine mbili kwa wakati mmoja, na bibi aliyebeba ndoo anazipita akicheza bila kumwaga maji. Mgeni akijaribu, anahesabu mpaka jasho linamtoka.

Rumba ya dakika 12 nakesha nayo. Hawa Waingereza wakifika dakika ya tano nimeshasinzia. Mbona urefu ni uleule? (Msomaji wa Lubumbashi)

Swali hili ndilo nililolipenda kuliko yote, kaka. Urefu si ugonjwa, basi. Ugonjwa ni kutojua kinachokuja.

Franco na wenzake wakianza taratibu, waimbaji wakibembeleza, wakilalamika, mapenzi, usaliti, majirani, wewe hukai hapo kwa subira tupu. Unajua sebene inakuja. Umejua hivyo tangu ukiwa mtoto unachungulia harusi dirishani. Kila ubeti unaoongezwa unazidisha hamu, na gita likibadilika tu, kabla hata hujaamua, kiti kimesogezwa nyuma. Dakika zile saba za mwanzo ni deni, na unajua litalipwa.

Kwa Yes hujui deni ni lipi, wala linalipwa lini. Kuna sebene zao, nakuhakikishia, ila zimefichwa mahali ambapo sikio lako halijawahi kuchimba. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa kukutana nacho mara nyingi tu, hata bila kuelezwa lolote. Kwa hiyo usisikilize nyimbo kumi mara mojamoja. Chukua mmoja, uweke mara nne kwa wiki ukiwa unapiga pasi. Mara ya nne utajikuta unasubiri kipande fulani. Usipojikuta, rudi kwa Franco bila haya. Mimi mwenyewe Ijumaa jioni huniambii kitu kuhusu Waingereza.

Rafiki yangu anasema asiyependa progresivu hana akili ya muziki. Ni kweli? (Msomaji wa Arusha)

Rafiki yako amepatwa na homa ya zamani. Bendi zenyewe ziliugua. Yes walitoa *Tales from Topographic Oceans* mwaka 1973: santuri mbili, nyimbo nne, dakika 80 hivi. Mpiga kinanda wao, Rick Wakeman, hakuipenda, na katika onyesho moja Manchester aliletewa mchuzi wa Kihindi jukwaani akaula wakati wenzake wanapiga. Mwaka uliofuata akaondoka. Ikiwa aliyelipwa kuupiga alipata nafasi ya kula chakula kizima, wewe uliyesinzia umekosa nini?

Kisha wakaja vijana wa panki, ile roki fupi ya hasira, na Johnny Rotten wa Sex Pistols akivaa fulana ya Pink Floyd aliyoiandika juu yake kwamba anawachukia. Watu wanaikumbuka fulana. Wasichokikumbuka ni kwamba mwaka 1977 aliitwa redioni London achague nyimbo anazozipenda, akamweka Peter Hammill wa Van der Graaf Generator, progresivu wa damu. Mapenzi ya muziki ndivyo yalivyo, mtu anabeba bango la upande huu na kaseti ya upande ule mfukoni.

Na hata kile tunachokiita sauti nzuri na sauti ya kukwaruza si amri ya maumbile. Utafiti uliotoka mwaka 2016 kwa Watsimane wa msitu wa Amazoni, Bolivia, uliwakuta wakizipokea noti zinazopatana na zinazogombana kwa furaha ileile. Mwambie rafiki yako asikilize muziki wake kwa raha, na akuachie wako.

Phil Collins wa nyimbo za mapenzi za redioni, eti naye alikuwa huko? (Msomaji wa Mombasa)

Alikuwa, tena nyuma ya dramu. Aliingia Genesis mwaka 1970, na Peter Gabriel alipoondoka mwaka 1975 wakahangaika kutafuta mwimbaji hadi wakamgeukia mpiga dramu wao. Mtafute kwenye albamu za zamani umsikie mikono yake. Utamsamehe mengi.

Na Freddie Mercury wetu? (Msomaji wa Unguja)

Nilijua litaulizwa. Mzaliwa wa Mji Mkongwe, 1946, hilo halina ubishi. Queen siwaiti bendi ya progresivu, ila "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975 kwa kipimo changu ni basi la safari ndefu: karibu dakika sita, na hauna kiitikio. Watu wa redio walisemekana kuuona mrefu mno. Ukawa namba moja Uingereza wiki tisa.

Mume wangu huweka nyimbo hizi garini tukienda Moshi. Nifanyeje? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Pole, dada. Mpe Dar hadi Chalinze, hapo *Thick as a Brick* inaingia na nafasi inabaki. Chalinze hadi Korogwe ni zamu yako, taarabu au kwaya, na yeye asiguse kitufe. Akileta ile ya dakika 80, mwambie Wakeman aliagiza mchuzi, na wewe unataka kuku na chipsi hapo Korogwe, kwa fedha yake.